Akiba Haiozi: Tushone Gauni la Mama Mjamzito

Katika darasa letu moja la jioni huko Butiama alikuwapo mama mmoja asiyekosa kipindi. Alikuwa wa kwanza kufika, na daftari lake lilikuwa safi. Mimba yake ilipofika mwezi wa sita tukawa leo tunamwona, kesho hatumwoni. Wiki ya tatu mimi na mwanadarasa mwenzake tukamfuata nyumbani.

Tulimkuta uani anamenya mihogo, kajifunga kanga mbili. "Shikamoo mwalimu," akasema. "Najua mmefuata nini. Lakini nitatokaje? Gauni halinienei."

Kumbe gauni jipya alikuwa nalo. Alimpelekea fundi kitenge, akamwambia amshonee gauni kubwa. Fundi akafanya kama alivyoambiwa: akaongeza kila mahali. Mabega yakawa yanaanguka, makwapa yameshuka, lakini tumboni bado linabana. Tena mbele limepanda mpaka juu ya magoti. "Nipite hivi mbele ya baba mkwe?" akatuuliza.

Si darasa tu aliloliacha. Hata kliniki alikuwa amekosa mahudhurio mawili. Gauni lililokatwa vibaya lilikuwa limemfungia mama huyu nyumbani, yeye na mtoto wake aliye tumboni.

Ndiyo sababu leo somo letu ni gauni. Tutajifunza kubadili kiolezo cha gauni la kawaida ili kimfae mama mjamzito tangu mwezi wa nne mpaka anapojifungua, na baada ya hapo anaponyonyesha. Kiolezo ni ile karatasi iliyokatwa kwa umbo la nguo, ambayo fundi huilaza juu ya kitambaa kabla ya kukata. Somo si la akina mama peke yao. Mafundi wengi wenye vyerehani barazani ni wanaume, na baba wa nyumba naye ndiye mara nyingi anayenunua kitambaa. Basi tusome pamoja.

TUMBO LINAKUA MBELE

Jambo la kwanza la kushika ni hili: mimba haikui mabegani wala mgongoni. Inakua mbele. Kwa hiyo nguo nayo iongezwe mbele. Mabega, shingo na mgongo viachwe kama vilivyo. Fundi anayeongeza kila mahali anapoteza kitambaa, na mama anabaki kama aliyeazima nguo ya mtu mwingine.

Jambo la pili: tumbo linapokua, pindo la mbele hupanda. Kwa nini? Hebu tufanye jaribio. Shika uzi chini ya kifua chako, uache uning'inie mpaka kwenye goti. Sasa weka boga dogo au bakuli tumboni, na uupitishe uzi ule ule juu yake. Utaona ncha ya uzi imepanda juu ya goti. Uzi haukupungua. Umepita njia ndefu zaidi, kwa kuwa umezunguka boga. Kitambaa nacho hufanya hivyo hivyo. Basi mbele panahitaji upana zaidi, na urefu zaidi vile vile.

Jambo la tatu: kila mwezi tumbo lina kipimo chake. Ukishona kwa kipimo cha leo tu, baada ya wiki chache gauni litabana. Ukishona kwa kipimo cha mwezi wa tisa bila mpango, leo litaning'inia kama gunia. Dawa yake ni akiba. Tunaficha kitambaa cha akiba ndani ya mishono na ndani ya pindo, halafu tunakifungua kidogo kidogo. Wahenga walisema, akiba haiozi.

VIFAA

Tafuta vitu hivi:

1. Kitenge cha pamba, yadi 3, chenye upana wa sentimita 115 hivi.
2. Futi kamba, yaani ile tepu laini ya fundi.
3. Mkasi, pini, sindano na uzi.
4. Chaki ya fundi. Ukiikosa, kipande cha sabuni kikavu chenye ncha kinatosha.
5. Karatasi ya kiolezo. Karatasi ya mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri inafaa. Magazeti yanafaa pia. Hata gazeti hili, ukishalisoma na kuyajibu maswali yake, usiharakishe kulifungia karanga. Liunganishe na mengine kwa gundi ya unga, ukatie kiolezo.

Kitambaa cha pamba hurudi, yaani hupungua, kikilowa. Watu wa Bunda waliolima pamba, na watu wa Musoma wanaokumbuka kiwanda chao cha nguo cha MUTEX cha miaka ya 1980, wanajua kwamba pamba ni nguo nzuri kwa joto, kwa sababu inanyonya jasho. Lakini kabla ya kukata, loweka kitenge usiku mmoja, kianike, kisha ukipige pasi. Ukikata kwanza na kufua baadaye, ile nafasi uliyoiacha kwa ajili ya tumbo inaweza kumezwa na maji.

KUPIMA

Futi kamba ina pande mbili. Upande mmoja ni sentimita, na upande mwingine ni inchi. Inchi 1 ni sentimita 2 na nusu hivi. Hapa wengi hukosea. Mtu anaandika "10" tu katika kikaratasi, anampa fundi. Yeye alikusudia sentimita 10, fundi akasoma inchi 10, ambazo ni zaidi ya sentimita 25. Gauni likatoka kama turubai. Kila mara andika kipimo pamoja na jina lake: sm au inchi. Katika somo hili tunatumia sentimita.

Mpime mama akiwa amesimama wima, amevaa nguo nyepesi. Usikaze futi kamba. Kidole kimoja kipite kati ya futi kamba na mwili. Andika vipimo hivi:

- Kifua, mahali kinapojaa zaidi.
- Chini ya kifua, mahali mbavu zinapoanza kushuka kuelekea tumboni.
- Tumbo, mahali lilipojaa zaidi, kwa kuzunguka mwili wote.
- Nyonga, mahali zilipojaa zaidi.
- Mkono wa juu, karibu na kwapa.
- Urefu kutoka chini ya kifua mpaka unapotaka pindo lifike. Pima nyuma na pima mbele. Vipimo hivi viwili havitalingana, na sasa unajua sababu yake.

HESABU YA NAFASI

Tuchukue mfano. Mama yuko mwezi wa nne. Tumbo lake ni sentimita 84. Ili aweze kukaa na kuinama, kila gauni linahitaji nafasi ya kupumua, tuseme sentimita 8. Kwa hiyo kiolezo chake cha kawaida hapo tumboni ni 84 + 8 = sentimita 92.

Sasa tuweke nafasi ya kukua. Miili haifanani, lakini kwa fundi sentimita 20 ni mwanzo mzuri. 92 + 20 = sentimita 112. Hizo 20 zote zinakwenda mbele. Nyuma hatuongezi hata moja.

Angalia tena: kitambaa cha mbele tunakikata kikiwa kimekunjwa mara mbili. Ukiongeza sentimita 10 kwenye mkunjo, kitambaa kikifunuliwa zinakuwa 20. Usiongeze 20 kwenye mkunjo, maana utapata 40.

KUBADILI KIOLEZO

Hatua ya 1. Chukua kiolezo cha gauni la kawaida linalomkaa mama vizuri mabegani. Chora mstari chini ya kifua, mbele na nyuma. Kata hapo. Sasa una sehemu nne: kifua mbele, kifua nyuma, sketi mbele na sketi nyuma.

Hatua ya 2. Kifua nyuma na sketi nyuma usiviguse.

Hatua ya 3. Kunja kitambaa cha sketi ya mbele. Laza kiolezo cha sketi ya mbele, lakini usikigusishe kwenye mkunjo. Kisogeze mbali na mkunjo kwa sentimita 10, juu mpaka chini. Chora.

Hatua ya 4. Kwenye pindo la sketi ya mbele, hapo katikati penye mkunjo, teremka sentimita 6 chini ya mstari wa kiolezo. Weka alama. Kutoka alama hiyo chora mstari wa kupinda kama mwezi mchanga, upande taratibu mpaka uungane na pindo la zamani kwenye mshono wa ubavu. Hizo 6 ndizo akiba ya urefu. Baada ya hapo ongeza sentimita 4 za kukunja pindo, mbele na nyuma.

Hatua ya 5. Kifua mbele kikate vipande viwili, kulia na kushoto, ili gauni lifunguke kwa vifungo. Kila kipande kizidi mstari wa katikati kwa sentimita 6: sentimita 2 za kupandiana, na 4 za kukunjia ndani.

Hatua ya 6. Kwenye mabega, shingo na kwapa acha sentimita 1 na nusu za mshono, kama kawaida. Lakini kwenye mishono ya ubavuni acha sentimita 3. Kifua cha mama mjamzito nacho huongezeka, na kitaongezeka tena maziwa yakija. Mishono ya ubavuni ni 2, na kila mshono una kingo 2, jumla kingo 4. Kila ukingo una akiba ya sentimita 1 na nusu. Basi 4 mara 1 na nusu ni sentimita 6. Hiyo ndiyo akiba ya kifua.

Hatua ya 7. Mkono wa gauni uwe mpana, na uishie juu ya kiwiko. Muuguzi akitaka kupima shinikizo la damu anafunga kitambaa cha kipimo kwenye mkono wa juu. Mkono wa gauni unaobana humlazimisha mama avue nguo mbele za watu. Ukiwa mpana, anaukunja tu.

Hatua ya 8. Kata kamba mbili, kila moja urefu wa sentimita 75 na upana wa sentimita 10. Zikikunjwa na kushonwa zitakuwa na upana wa sentimita 4 hivi.

Je, yadi 3 zitatosha? Yadi 1 ni sentimita 91 na kidogo. 3 mara 91 ni 273. Sketi ya mbele na ya nyuma, kila moja huchukua kama mita 1, jumla sentimita 200. Zinabaki 73 kwa kifua nyuma na mikono. Kifua mbele na kamba zitatoka kwenye kitambaa kilichobaki kando ya sketi. Mama mwenye mwili mkubwa au mrefu aongeze yadi moja. Panga vipande vyote juu ya kitambaa kwanza, uvione vimeenea, ndipo ushike mkasi. Haraka haraka haina baraka, na kitambaa kilichokatwa hakirudi.

KUSHONA

Piga bandi kwanza, yaani shona kwa mkono kwa hatua ndefu, ili mama ajaribu kabla ya cherehani kupita. Unga mabega, kisha mikono. Pandisha kifua cha kulia juu ya cha kushoto, uvishikize pamoja chini.

Sketi ya mbele sasa ni pana kuliko kifua kwa sentimita 20. Zikusanye ziwe marinda madogo madogo. Marinda yote yakae katikati, chini ya kifua, mahali tumbo linapoanzia. Usiyapeleke ubavuni, maana huko hayana kazi. Unga sketi na kifua.

Kamba zishikizwe ndani ya mishono ya ubavuni, kwenye mstari wa chini ya kifua, moja kulia na moja kushoto. Kisha shona ubavu wote. Kamba zitafungwa nyuma. Mwezi wa nne mama anazivuta kidogo, na gauni linamkaa. Tumbo likikua anazilegeza. Zimewekwa kukusanya kitambaa kilichozidi. Si za kubana tumbo. Wapo wanaojifunga kanga kwa nguvu ili mimba isionekane, au kwa kudhani kuwa kubana ndiyo heshima. Nguo inayobana humnyima mama raha, humsumbua kupumua na humwongezea kiungulia. Na mimba inayofichwa huchelewa kufika kliniki.

Mwisho ni pindo. Mbele katikati kunja sentimita 10, yaani zile 4 za kawaida na zile 6 za akiba. Kuelekea ubavuni punguza taratibu mpaka zibaki 4. Shona pindo hili kwa mkono, si kwa cherehani, ili kulifungua kuwe rahisi.

KUFUNGUA AKIBA

Mama asimame kando, mwenzake amwangalie. Pindo la mbele likionekana limepanda kuliko la nyuma, fungua uzi, teremsha sentimita 2, ushone tena. Fanya hivyo kila linapopanda. Akiba ya sentimita 6 inatosha kuteremsha mara 3. Kifua kikianza kubana, shona mshono mpya ubavuni nje ya ule wa zamani, kisha ufumue wa zamani.

Kila mtu aangalie kazi yake pia. Mama anayeanika dagaa mwaloni Musoma huinama kutwa, basi nyuma ya gauni pasiwe pafupi. Anayepalilia pamba Bunda anataka pindo lisilofika chini, lisimkwaze kwenye matuta. Anayetembea maili kadhaa kwenda zahanati kule Butiama anataka sketi yenye nafasi ya hatua.

Na asiye na kitenge kipya afanyeje? Achukue gauni lake la zamani, afumue mishono ya ubavuni kuanzia chini ya kifua mpaka kwenye pindo. Kila upande aingize kipande cha kitambaa chenye upana wa sentimita 13. Mishono ikimeza 3, zinabaki 10 kila upande, jumla 20. Juu, kipande kiwe chembamba kama ncha ya jani. Kisha aongeze utepe wa kitambaa kwenye pindo la mbele. Rangi zikitofautiana si neno. Gauni halitakaa vizuri sana kama lile la marinda, lakini litamtoa nyumbani.

FUTI KAMBA YA FUNDI NA YA MUUGUZI

Mama akifika kliniki ataona kitu anachokijua: muuguzi naye ana futi kamba. Lakini hapimi kama fundi. Fundi anazunguka tumbo. Muuguzi anapima kutoka mfupa wa kinena, chini ya tumbo, kwenda juu mpaka kilele cha mji wa mimba. Mimba ikifika wiki 20, kilele hicho huwa karibu na kitovu. Kuanzia hapo, kwa kawaida, idadi ya sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Wiki ya 28 muuguzi hutarajia kupata sentimita 28 hivi. Ikipungua sana au kuzidi sana, atachunguza zaidi: pengine wiki zilihesabiwa vibaya, pengine ni mapacha, pengine mtoto hakui vizuri.

Kipimo cha fundi hakiwezi kueleza hayo. Mama asiseme, "Gauni langu linazidi kujaa, basi mtoto mzima." Gauni halijui. Anayejua ni yule anayepima, anayesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kuandika katika kadi. Na wewe unayejua kusoma, isome kadi yako. Uliza kila namba ina maana gani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mama mjamzito akutane na wahudumu wa afya mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla mimba haijazidi wiki 12. Wakati huo tumbo bado halijaonekana. Basi usingoje gauni. Lakini hizo mara 7 zinazofuata, gauni zuri ni msaada wa kweli.

Na ikitokea damu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa kali, maji kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kutocheza kama kawaida, usitafute gauni. Jifunge kanga uende hospitali saa hiyo hiyo.

TURUDI KWA MAMA WETU

Yule mama wa Butiama tulimfanyia nini? Lile gauni kubwa tulilifumua. Mabega tukayapunguza, na kitambaa kilichotoka huko na kwenye makwapa tukakiunga mbele. Wanadarasa walipima, wakaandika ubaoni, wakajumlisha na kugawanya. Mmoja aliyekuwa akiogopa hesabu ndiye aliyegundua kwamba tulisahau kugawanya kwa 2, na mkasi ulikuwa tayari mkononi. Siku ya pili jioni gauni likawa tayari. Ijumaa mama akalivaa, akapita mbele ya baba mkwe, akamsalimu, akaenda kliniki.

Baada ya kujifungua alilivaa tena. Alifungua vifungo akanyonyesha, na zile kamba za nyuma akazivuta. Gauni moja, kazi mbili.

MASWALI

1. Kwa nini haifai kuongeza gauni la mama mjamzito kila mahali?
2. Kwa nini pindo la mbele hupanda tumbo linapokua?
3. Kamba za nyuma zina kazi gani? Kazi gani si yake?
4. Eleza tofauti kati ya kipimo cha fundi na kipimo cha muuguzi.

HESABU

5. Tumbo la mama ni sentimita 90. Nafasi ya kupumua ni sentimita 8, nafasi ya kukua ni sentimita 20. Gauni liwe na sentimita ngapi tumboni?
6. Unataka kuongeza sentimita 24 mbele. Utakisogeza kiolezo sentimita ngapi kutoka kwenye mkunjo?
7. Kila ukingo wa ubavu una akiba ya sentimita 2. Kingo ni 4. Akiba yote ni sentimita ngapi?

Majibu ya hesabu: 5. Sentimita 118. 6. Sentimita 12. 7. Sentimita 8.

KAZI YA KIKUNDI

Kateni kiolezo kimoja cha karatasi nene kwa mwili wa wastani, mkiandike vipimo vyake, mkitundike darasani. Mama yeyote wa kijiji mwenye mimba aje akiazime, akirekebishe kwa vipimo vyake, kisha akirudishe. Mwenye cherehani amshonee mwenzake, na asiye nayo akate na kupiga bandi. Kisha mtazameni jirani aliyeanza kujificha nyumbani. Msimcheke. Mpelekeeni futi kamba.